Sababu ya Safari

Treni ya kutoka Kaliua ilinitema Tabora saa nane mchana,
saa nne baada ya ahadi yake.
Mimi, begi moja, na faili la marehemu
tukasimama kwenye jua la Septemba kama mzigo usio na mwenyewe.
Siku mbili tu, walisema watu wa mafao.
Leo unaleta, kesho unasaini, keshokutwa unaondoka.

Shemeji alishanipigia: "Usihangaike, lala popote,
kitanda ni kitanda."
Kweli. Miaka ishirini na sita kitanda kilikuwa kitanda:
upande wa ukutani, upande wa mtoto anayekohoa,
mkeka wa matanga, benchi la wodi namba tatu.
Sikuwahi kuulizwa wapi.
Sasa nimeulizwa na miguu yangu mwenyewe
na sitaki kuijibu haraka.

Gesti ya kwanza ilikuwa na vioo vya bluu
na televisheni iliyokuwa ikigombana na feni.
Kijana wa mapokezi hakuinua macho:
"Saa au kulala?"
Nikamwambia, mwanangu, nina miaka hamsini na nne.
"Kulala, basi," akasema, akavuta funguo.
Nikamwachia funguo zake.

Ya pili nilipewa chumba namba kumi na moja,
kitasa kimefungwa kwa kamba ya katani,
shuka lina mhuri wa hospitali.
Nilikaa ukingoni mwa kitanda dakika nzima,
kwa adabu, kama anayemuaga mgonjwa,
kisha nikatoka.

Ya tatu haikuwa na kibao.
Muuza matobolwa pale Isevya alinielekeza kwa kidevu:
"Kwa Mwanansali. Ukiona viatu mlangoni, umefika."
Nikaviona. Jozi tatu, zimegeuzwa,
pua zikitazama barabara,
kana kwamba kuna mtu alishafikiria kuondoka kwetu
akatuandalia, bila kutufukuza.

Vyumba vinne, namba hakuna.
Mninga, Mkola, Mtundu, Mkurungu:
kila mlango umechongwa kwa mti wa jina lake.
"Mtundu kachukua fundi saa," alisema Mwanansali.
"Mkola unavuja. Wewe nakuona mtu wa Mninga."
Sikuuliza ameonaje.

Ndani: mkeka, godoro jembamba lililokunjwa hadi usiku,
dirisha moja, na kwenye dirisha mpapai mmoja.
Basi.
Nilitafuta kasoro, nikakosa pa kuishika.

Jioni akaniletea kanga ya nyumba,
imefuliwa hata jina lake halisomeki,
na ndoo ya maji ya moto yenye majani ya mchaichai.
Nilioga polepole,
kama ninayemwogesha mtu mwingine, ninayemheshimu.

Hakuniuliza nakula nini.
"Hiki ndicho cha leo," alisema:
ugali wa muhogo, mlenda wenye karanga,
na asali ya Sikonge, kijiko kimoja kwenye kisosi,
nyeusi, yenye harufu ya moshi wa aliyeirina.

Daftari lilikuja mwisho, chini ya taa.
Jina. Utokako. Uendako. Kabila.
Nikajaza yote kwa mwandiko wa shule.
Kisha, Sababu ya safari.
Kalamu ikasimama.
Juu yangu walishaandika wenzangu: Biashara. Msiba. Kesi ya shamba.
Fundi wa Mtundu kaandika: Saa.
Ningeweza kuandika mafao.
Ningeweza kuandika Kapaya, mume wangu, na isingekuwa uongo;
hata yeye angesogea kidogo kunipisha kwenye mstari.
Mwanansali alikuwa anachambua mchele wa kesho.
Punje, jiwe. Punje, punje, jiwe.
Hakuniharakisha.

Nikaandika: Kulala.

Alisoma kidole kikiwa chini ya neno,
akafunga daftari.
"Basi usiamke mapema," alisema.
"Faili halina miguu."