Mwavuli wa Pua

Alikuja Lali magharibi, nafunika cherehani,
mkononi kitu chekundu, mfano wa nanasi lisilo majani.
"Shangazi, hiki kinataka nguo."

Miaka thelathini na moja nashona hapa Barani:
kanzu, marinda, sare za shule, foronya,
hata sanda, usiku, kwa taa ya simu.
Injini sijawahi kuivisha.

Lali kang'oa boksi la plastiki walilolipima Wajapani,
kaweka bomba la alumini, linang'aa kama mguu wa kitanda cha hospitali,
limeteremka hadi nyuma ya bampa, na mwishoni chujio hilo, uchi.
Ati huko chini hewa ni baridi,
na gari hupenda hewa baridi.
Hewa baridi, Malindi! Mwezi wa tatu!
Nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.

Lakini masika hayachekeshi.
Maji ya mtaani kwetu hayajui mfereji,
hukaa barabarani kama mgeni asiyeaga,
na kila tairi hupita likiyarusha.
Fundi Ngowa alikwisha mwambia, grisi hadi viwikoni:
"Hewa hushindilika, maji hayashindiliki.
Pistoni inapanda, maji yanakataa,
rodi inapinda kama mshumaa juani.
Ukisikia kishindo usipige stata tena.
Tafuta mnunuzi wa vyuma."

Nikakata mwavuli uliovunjika mbavu.
Kofia, lastiki shingoni, mshono mara mbili.
Nikaimwagia kikombe cha maji:
yakateleza kama juu ya jani la myugwa.
Nikajisifu, sikufichi.

Asubuhi Lali akawasha, akakanyaga mafuta,
nami nikasikia.

Niliijua sauti ile kabla yake, kabla ya Ngowa.
Miaka minne nililala ubavuni mwa Shekuwe na pumu yake
nikihesabu gizani:
kuvuta, kukwama, kuvuta.
"Zima," nikasema. "Kitambaa kinamziba."

Gari, husemwa kinaliziba.
Mimi nilisema kinamziba,
na hakuna aliyenisahihisha.
Ngowa aliinama akatafuta spana aliyokuwa ameishika.

Nikafungua sanduku. Nikatoa buibui la zamani,
koshibo nyepesi, lililochujuka mabegani.
Nikalitandaza usoni nikavuta pumzi: ikapita.
Nikalitandaza juu ya bakuli nikadondosha maji:
yakakaa juu, shanga shanga, yakifikiri,
mengine yakapenya.
Lali akaleta dawa ya kunyunyizia mahema.
Ngowa akakata dumu la mafuta ya kupikia,
akalifunga chini ya bampa liwe kizingiti cha matope,
la manjano, bado limeandikwa lita ishirini.
Gari la watu wa mbio, na dumu la kuchapia chapati!
Lali aliona haya wiki nzima.

Ikanyesha Jumanne, siku mbili bila kumeza mate.
Saa tano usiku simu:
"Shangazi, niko karibu na Sabaki.
Maji yamefika magotini kwa punda. Nipite?"

"Punda yupi?"

"Yuko hapa, amesimama tu, anayatazama."

"Basi na wewe simama uyatazame.
Nguo yangu ni ya rasharasha, si ya mto.
Rudi nyuma, panda pale palipoinuka, ungoje."

Kipo kigari cheupe kilichompita kwa honi.
Nilikisikia kikiingia majini, na nilikisikia kikinyamaza.
Lali hakusema neno muda mrefu.

Nikamwambia aiweke simu juu ya dashibodi, asiikate.
Mvua ikipiga boneti kama mtu anayepepeta mchele,
na chini yake, taratibu, kuvuta, kutoa,
kuvuta, kutoa.
Nilijilaza upande wangu wa kitanda, nikahesabu.
Hakukwama.

Nilipofika mia mbili nikakumbuka.
"Lali," nikasema, "hebu mzime sasa.
Petroli ghali."