Bambo

Mama alikuwa mpima ubora
katika ghala la chama, Newala, msimu wa korosho.
Chombo chake kilikuwa bambo,
chuma chenye mfereji na ncha kama ukucha:
analidunga gunia ubavuni, anachomoa,
korosho zinamwagikia kiganjani
kama mtu aliyejibu kabla hajafikiri.

Halafu kisu. Moja moja.
Nyeupe. Nyeupe. Mdudu. Nyeupe. Ukungu.
Mafuta ya ganda yalimla vidole
hata mashine ya vitambulisho ikakosa alama zake,
karani akauliza, Sasa wewe ni nani?
"Somoe Likwati," akasema. "Andika."

Utotoni nilimwuliza
zilizokatwa zinarudi gunia gani.
"Hazirudi. Ndiyo bei ya kujua."

Mimi ni mtu wa eksirei, Ligula, Mtwara mjini.
Aproni yangu ya risasi ina uzito wa mtoto aliyelala.
Nasema: vuta pumzi, zuia, usitikisike,
na mfupa unanijia bila kisu.

Usiku mmoja wa zamu, korido imetulia,
nilisoma kwenye simu habari za asteroidi:
chombo kilisafiri miaka, kikaigusa, kikarudi
na vikokoto vyeusi, vingine
vidogo kuliko punje ya ulezi,
vikongwe kuliko bahari.
Gunia la pili hakuna.
Basi hawakukimbilia kisu.
Waliisimamisha punje kwenye ncha ya sindano,
wakaizungusha nyuzi kwa nyuzi,
kila uzi kivuli chake,
vivuli mia kwa mia, kompyuta ikavishona
mpaka jiwe likasimama kiooni, wazi kama papai,
na lenyewe, pale kwenye sindano, zima,
halijui kama limeonwa.
Ndani: nyufa. Udongo uliowahi kulowa.
Vichembe vya chuma vimeshikamana
mithili ya mayai ya samaki.
Maji yalipita hapo, yakaenda zake.

Nikazima simu. Alikuwa ameletwa dereva wa bodaboda,
mguu umekwenda upande.

Wiki ile ile akaja Twalibu, kijana wa Nanguruwe,
na jiwe ndani ya kopo la maziwa.
"Limeanguka shambani, dada. Lilikuwa na moto.
Mwenzangu ameshaazima nyundo."
Haikuruhusiwa. Najua haikuruhusiwa.
Fomu yenyewe haina mahali pa jiwe:
Jina, nikaandika Jiwe.
Umri, nikaacha wazi.
Sehemu inayouma, Twalibu akacheka,
mimi sikucheka.
Nikamtoa nje, nikafunga mlango, nikabonyeza.

Ikatoka nyeupe. Nyeupe tupu,
ukingo tu, kama ramani ya kisiwa
ambacho hakuna aliyeshuka.
Mashine yangu imezoea vifua vya watu;
ina kivuli kimoja, na kivuli kimoja
jiwe linakimeza bila kutafuna.

Twalibu aliitazama picha muda mrefu.
"Kwa hiyo halina kitu?"
"Linacho. Sisi ndio hatujafika."
Akalirudisha koponi taratibu,
akabana kifuniko kwa kidole gumba.
Habari za nyundo sikumwuliza tena.

Jumapili nilimpigia Mama.
Nikamweleza punje, sindano, vivuli,
jinsi jiwe linavyosomwa likiwa zima.
Kimya. Nilidhani salio limekwisha.
"Na wakishaona," akasema, "hawatalikata?"
Ikabidi niseme kweli:
"Watakata, Mama. Baadhi.
Ila kwanza wanajua wakate wapi."

Akacheka kile kicheko chake cha ghalani,
kinachoanzia tumboni na kuishia kikohozi.
"Basi na wao wana bambo.
Tofauti yake, la kwao linapiga hodi."