Safu ya Nne

Kabla hawajaja, mafuta hapa Kasarazi
yalikuwa ya taa, ya sangara, ya kupaka magoti.
Nyangeta alikaangia mapanki nyuma ya nyumba
na harufu ikavuka uzio bila kupiga hodi.

Kisha zikaja boti mbili nyeupe kutoka Mwanza,
zikalipiga ziwa ngumi chini kwa chini, siku tisa.
Vikombe vikagongana kabatini. Sato wakahama.
Wakachomeka bikoni nyekundu mwaloni,
ya kumi na nne katikati ya kichanja cha dagaa
alichoacha marehemu Bulole.
"Fidia itakuja," wakasema. "Andikeni majina."

Mimi ndiye karani. Niliandika.
Safu ya kwanza: jina.
Ya pili: nyavu, mitumbwi, vichanja.
Ya tatu: dole gumba.
Karatasi ikabaki na nafasi upande wa kulia,
nami sipendi karatasi inayopwaya.
Nikachukua rula.
Juu ya safu mpya nikaandika: Asili.

Hakuna aliyeniagiza. Narudia kuliandika hili
kwa kuwa kikaoni nilisema niliagizwa.

Luhende akasema Msukuma, akacheka.
Masatu, Mjita, huku akifunga kamba ya kiatu.
Nyangeta akauliza: "Ya baba, ya mume,
au ya maji niliyonywea utotoni?"
Chagua moja, nikamwambia, nafasi ni nyembamba.

Kufika Jumapili foleni ya ndoo zilikuwa mbili.
Watu wakaanza kuhesabu makaburi,
kitovu cha nani kiko chini ya mwamba gani.
Mgombea akaja na kipaza sauti,
akaisoma safu yangu, yangu mimi,
polepole, kama mtu asomaye Zaburi.
Usiku ule karabai hazikushuka ziwani.
Ziliwaka nchi kavu, nyumba hadi nyumba.

Vichanja saba.
Mitumbwi minne.
Masatu.

Boti nyeupe zimeondoka. Wapo wasemao mafuta yapo,
wapo wasemao walikuwa wakipima matope.
Fidia haijafika.
Daftari nimelirudisha ofisini. Rula ninayo.

Jana Nyangeta alikuja dirishani na chupa,
akaomba mafuta ya taa ya shilingi mia tano.
Nikamimina hadi shingoni, nikazidisha kidogo.
Hakuondoka. Akautazama mkono wangu,
akauliza kama nitaandika.