Safu ya Mwisho

Fomu wamenipa Jumatatu: kurasa tatu,
visanduku ishirini na viwili.
Sauti yasikika? Muda anautunza?
Weka vema, au andika "haihusiki".

Nimekwenda na kalamu nyekundu,
nikapanda ngazi hadi safu ya mwisho
ambako sijakaa tangu nihitimu papa hapa Mlimani.
Benchi limeng'oka ubao mmoja. Feni yazunguka
kwa mlio wa mtu anayetafuna barafu.
Kijana wa kando akasogeza begi, akanong'ona:
"Mzee, na wewe una sapu?"
Nikamjibu ndiyo, kwa utani.

Kule chini, mbali, Dakta Kemilembe
anafundisha udongo: jinsi mfinyanzi unavyokunywa maji,
ukavimba, ukampasulia mtu ukuta huko Goba.
Ana donge mkononi. Analibonyeza. Hasemi.
Anangoja.
Kungoja kule hakuna kisanduku.

Akaandika. Alipofika katikati ya ubao
akafuta, akarudi juu.
Mara ya pili vilevile. Ya tatu nikaudhika:
ubao mzima huu, mbona anautumia nusu?
Nikafungua kalamu nimwandike,
nikainua macho nihakikishe ile nusu iliyobaki,
nisiione.
Vichwa. Hijabu, rasta, kofia ya mmoja aliyelala,
ukuta wa visogo toka kiunoni mwa ubao kushuka.

Miaka kumi na tisa
jibu la mwisho naliandika kule chini, pembeni,
nalipigia mistari miwili,
nawageukia: "Hili liko wazi."

Wangapi walinakili shingo za wenzao?
Wangapi niliwapa sifuri
na kuandika pembeni, kwa wino huuhuu,
"Hukuwa makini"?

Baadaye kantini, chai ya tangawizi, chapati imepoa.
"Haya, Mwaipaja, umenionaje? Sema tu, ngozi yangu nene."
Nikamsukumia fomu. Visanduku vyote vitupu
isipokuwa "maoni mengineyo", nilipokwaruza:
Njoo Alhamisi, saa mbili, darasani kwangu.
Kaa nyuma kabisa.

Akasoma. Nilidhani atacheka.
"Nilishakaa," akasema. "Mwaka juzi, masika,
mvua ilinikimbizia mlangoni kwako, nikaingia.
Saa nzima.
Hukuniona."

Akanisogezea sukari.