Kwa Feta, Aliyekuja na Pesa za Tumbaku

Unaniuliza lipi, Feta,
na noti umezifunga kitambaani kama dawa.
Kaa. Sogeza hizo nyaya, kaa.
Mimi si muuza duka wa Ariwara
asifiaye kila kilichomlalia rafuni.

Hili kavu lilikuwa la katekista Ondoga.
Tumbo lilipasuka kiangazi kimoja,
fundi viatu akaliziba kwa gundi ya soli,
na tangu hapo lina kikohozi kidogo kwenye uzi wa tatu.
Sauti yake ina kifua. Gusa huu uzi mnene:
utausikia mbavuni kwanza,
masikio yatafuata baadaye.
Ila noti zake hufa mapema,
kwa hiyo mkono wa kulia haupati likizo,
na kidole gumba ndicho mpiga ngoma.
Halafu tazama nyuzi zilivyo juu, mbali na shingo,
kama kamba ya kuanikia mablanketi.
Mwezi wa kwanza nilishindwa kufunga vifungo vya blauzi;
Adriko alinifunga, huku akicheka,
akikosea tundu kila siku.

Jekundu ni habari nyingine.
Nyuzi laini, karibu, vidole vinakimbia bila kubembelezwa.
Noti ukiiachia inakaa:
unaweza kumwaza mchumba, ukarudi,
ukaikuta bado inakungoja mlangoni.
Kwa sebene, hakuna mpinzani.
Lakini usidanganywe na kiuno chake. Ni gogo zima hilo,
halina tundu hata la mende,
na ikifika saa nane za usiku mkanda unakula bega
kama mzigo wa mkaa kutoka Vurra.
Na kosa lako, ambalo kavu lingelimeza kwa heshima,
hili litalipeleka hadi kituo cha polisi.
Jenereta ikizimika, linabaki inzi ndani ya chupa.

Nilipokuwa na mimba ya Ayikoru, mwezi wa saba,
kavu lilikataa kunikaa.
Matumbo mawili, nani ampishe mwenzake?
Nikalivaa jekundu ubavuni, Jumamosi hadi Jumamosi,
spika zikitikisa chupa za soda juu ya meza,
na mtoto kimya, tuli,
hadi nikaogopa.
Jioni moja umeme ulikatika Arua nzima.
Nikajilaza chali, kavu juu ya tumbo,
nikapiga uzi mnene, mmoja, polepole.
Teke.
Nikapiga tena.
Teke,
limechelewa, nje kabisa ya mdundo.
Na hadi leo, miaka kumi na mmoja, yuko nje ya mdundo,
muulize mwalimu wake wa kwaya.

Lete mikono.
Mh. Misimu mingapi umetunga majani ya tumbaku?
Ngozi imeshaiva hii, kavu halitakutoa machozi.
Na kwenu umeme umefika?
Nguzo zipo.
Nguzo! Hata mimi nina nguzo, za zizi la mbuzi.
Ningekuwa mama yako ningesema tumemaliza.

Lakini tangu uingie, Feta,
jicho lako halijaligusa kavu hata mara moja.
Unafikiri sijaliona?
Haya, lichukue jekundu. Hapana, acha waya.
Inamisha kichwa, bana pembe yake kwa meno,
taratibu, rangi hiyo ni ya gharama.
Sasa piga.

Umesikia?
Limejaa fuvu zima, sivyo?
Nalo lina kifua, kijana wangu.
Ila hicho linaazima kwako.