Uniti Zilizobaki

Milango minane, mita moja.
Ndivyo tulivyojengewa hapa Igogo, juu ya mawe,
wastaafu wa kiwanda cha pamba,
na mimi niliyeingizwa kwa huruma ya shemeji,
maana sikuchambua pamba hata siku moja:
nilikuwa msoma mita.

Miaka thelathini na moja nimepanda Mabatini, daftari kwapani,
nikafukuzwa na mbwa wa kila kabila,
nikachungulia kile kisahani kinachozunguka
na kusema, "Mama, mwezi huu mmekula sana."
Kisahani kilikuwa na adabu. Kilikudai umeshakula.
Hii ya sasa hulipwa kwanza, kama mganga.
Tarakimu ishirini, vidole vinatetemeka,
ukikosea moja inakupigia mluzi
na majirani wote wanajua huoni.

Basi akaja kijana wa fulana ya njano,
kampuni ya umeme wa jua.
"Wazee wangu, hameni. Paneli juu, betri chini.
Hamtahangaika na tokeni, hamtagombana."
Nani kamwambia tunagombana?
(Kabula wa mlango wa tatu akatazama ukuta.
Friji lake la barafu za kuuza
ndilo lililomeza mchango wetu wa Agosti.)

"Jua la Mwanza mnalo bure," akasema.
"Na masika?" akauliza Bwire.
"Na wingu la visubi likitoka ziwani
mpaka tukafunika chai kwa viganja?"
Kijana akapekua karatasi. Visubi havikuandikwa.

Nikapewa mimi niisome, mtu wa mita.
Nikavaa miwani, kidole chini ya kila mstari.
Bei, sawa. Betri, sawa. Fundi ndani ya siku tatu,
hilo tutaliona.
Kisha: Muda wa mkataba, miaka kumi.
Nikarudia kusoma, safari hii kwa sauti.

Kimya kikaja kukaa nasi kwenye benchi.
Mdogo wetu ana sabini na mbili.
Halafu Nyanzala, themanini na nne, akaanza kucheka,
kicheko cha kutoka tumboni, mpaka kanga ikamdondoka begani.
"Kumi! Mjukuu wangu, umeniongezea.
Daktari wa Bugando aliniachia miwili.
Lete wino."
Akabonyeza dole gumba kwa nguvu,
kama mtu anayeua chawa.

Nafasi nane. Tukajaza saba.
Mlango wa sita ni wa Lushinge, tuliyemzika Pasaka,
na taa yake ya barazani inawaka hadi leo
kwa sababu hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyeizima.
"Na huyu yuko wapi?" akauliza kijana.
Bwire akamjibu: "Huyo ametangulia kuhama."

Kesho asubuhi wanakuja na ngazi.
Kwenye mita ya zamani zimebaki uniti saba na nusu,
na uniti hazihami. Nimeuliza mpaka dirishani:
hazirudishwi, hazirithiwi.
Kabula akataka zigande barafu. Tukamkatalia kwa kauli moja,
ya kwanza tangu tujuane.
Nyanzala akatoa pasi.

Tangu adhuhuri ananyoosha.
Mashuka, vitambaa vya meza, kanzu ya Bwire,
soksi; nani hupiga pasi soksi?
Mvuke umejaa barazani, unanukia Jumapili ya zamani.
Nimekaa kando ya mita na daftari nililolikuta uvunguni,
namsomea: nne. Tatu na robo. Mbili.
Sasa amefungua sanduku la Lushinge,
mashati matatu ya kaki. Kola kwanza,
kisha mikono, kisha vifungo kimoja kimoja,
na kila lililonyooka analitundika mlangoni pake, chini ya taa.

"Moja na nusu," namwambia.

"Nimesikia. Bado suruali."