Bado

Ndugu Keaveney,
naandika mimi, Gobnait Lavelle, mwenye nyumba.
Ombi lako limefika: juma moja la Juni,
watu wawili na mbwa ambaye umesema ni kiziwi.
Nafasi ipo. Wale Wajerumani wa baiskeli
wamevunjika, mmoja mguu, wengine moyo,
kwa hiyo nyumba ni yako tangu Jumamosi saa tisa alasiri.

Ufunguo hauko chini ya chungu cha maua.
Kila mtu huku Mayo huuweka chini ya chungu,
na kila mwizi wa Mayo ana mama mwenye chungu.
Wangu unaning'inia bandani, nyuma ya koleo.

Mvua itanyesha. Sitakudanganya kama watu wa utalii
wanaopiga picha zao zote siku moja ya Mei.
Huku mvua haishuki, inapita;
inatoka baharini imelala ubavu,
inagonga dirisha la jikoni kama mtu anayekudai.
Dakika kumi baadaye, jua:
kuta za mawe zinafuka mvuke, kondoo wanajikung'uta,
na hata ukitafuta shahidi humpati.
Usianike shuka ukaenda matembezi.

Simu inashika ukisimama juu ya ukuta karibu na geti,
uso umeelekea kanisani. Sisemi ni muujiza.
Gari la mkate na samaki huja Alhamisi.
Moto wetu si wa kuni, ni udongo mweusi wa kinamasi
uliokatwa kama matofali ukaanikwa kiangazi kizima:
yasimamishe yaegemeane, uyaachie pumzi.
Moshi wake utakufuata hadi kwako ndani ya sweta
na hutataka kuifua.
Giza la Juni halina haraka.
Saa nne za usiku utasoma gazeti nje bila taa,
kama bado kuna habari unayoitaka.

Sasa lile swali lako la mwisho.
Umeuliza kama mlango wa nyuma bado unakwama
upepo ukigeukia kusini magharibi.

Nililisoma miwani ikiwa kwenye paji la uso,
nikalisoma tena na miwani.
Katika picha nilizokutumia hakuna mlango wa nyuma.
Na *bado* ni neno dogo,
lakini mtu halibebi bure.
Mgeni huuliza: je, unakwama?
Anayesema *bado* aliwahi kuusukuma kwa bega
akiwa na ndoo mikono yote miwili.

Niliinunua nyumba hii mnadani, mwaka wa tisa huu,
ikiwa na kunguru ndani ya dohani
na kalenda iliyokomea Novemba.
Nimepaka rangi kila mahali, hata mahali pasipoonekana.
Nilibakiza mwimo mmoja, wa mlango wa stoo.
Pale pana mistari ya penseli, inapanda:
Attracta, Redmond, Attracta, Redmond,
halafu Redmond peke yake,
halafu ubao mtupu.
Brashi ilifika, mkono ukagoma.
Nilifundisha hesabu miaka thelathini
na sijui hadi leo nilikuwa namtunzia nani jibu.

Umesema watu wawili. Wa pili sikuulizi.
Bei ni ileile; kupunguza sijui,
nawe ungeona haya.
Ila moto wa jioni ya kwanza ni juu yangu,
utaukuta unawaka.

Jambo moja zaidi. Fundi Fiachra alikuwa aje kesho
kuuranda huo mlango.
Nimepanda ukutani na mwavuli uliopinduka,
nimempigia, nimemwambia asije.
Akasema, Kwani umeshatengenezwa?
Nikamjibu, Bado.